Jino la Taweret

Pashedu alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na siku ile vyote viwili vilimponza. Wachoraji walikuwa wamepumzika kivulini, nje ya kaburi la mfalme, wakila mkate na vitunguu. Akaokota kipande cha jiwe, akachovya brashi kwenye wino, akamchora Taweret, yule mungu mwenye umbo la kiboko anayewalinda wanawake wanaojifungua. Tumbo akalijaza, maziwa akayaning'iniza. Kisha, kwa utundu tu, akamtia jino la mbele lililovunjika.

"Ala! Huyo si Hunero wa Kasa?"

"Mwenyewe! Kabakiza kuingia mtoni tu!"

Hunero alikuwa mja mzito, na jino lake kijiji kizima kililijua. Walicheka mpaka mumewe, Kasa mchonga mawe, akatokea nyuma yao. Kicheko kikakatika. Kasa akaliona jiwe, machozi yakamlengalenga.

"Umemchorea mke wangu kinga? Ndugu yangu, mimba mbili zimeshaharibika. Nilikuwa naona haya kukuomba."

Hapo ndipo Pashedu angepaswa kusema kweli. Badala yake akamnyooshea jiwe.

"Chukua, ndugu," akasema, na aibu ikaanza kumla palepale.

Uchungu ulipomshika Hunero, wanawake waliliweka jiwe karibu na kichwa chake. Nyumba ya Kasa na ya Pashedu zilitenganishwa na ukuta mmoja, na Pashedu alimsikia Hunero akimlilia Taweret. Akaziba masikio. Mtoto akifa, ni yeye aliyempelekea mama yake mzaha badala ya mungu.

Mtoto alilia. Siku za kukaa ndani zilipokwisha, Hunero akamwita, jiwe mkononi.

"Shemeji, hili jino ni langu."

"Shemeji, mimi..."

"Nyamaza. Mnayoyacheka kazini wake zenu wanayasimulia penye mitungi ya maji. Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini usiku ule ningemwomba nani mwingine?" Akashusha sauti. "Kasa hajui. Na usithubutu kumwambia. Yule bwana hajawahi kupewa kitu na mtu."

Pashedu alitamani ardhi ipasuke. Kabla hajajibu, Kasa akaingia na kitoto mikononi, uso wote meno.

"Pashedu! Njoo umshike wajina wako!"

Akampokea. Wino ulikuwa bado umeganda kwenye kucha zake. Akamkazia macho mtoto, maana kumtazama mama yake hakuweza.