Ndovu wa Adhuhuri

Mimi ndiye niliyemwendesha ndovu wa Raja siku tuliyopigwa na Waarabu, na watu wa bonde hili la Sindhu bado wananipisha njia kwa heshima. Wanasema ni moto. Mshale wa moto uliangukia kiti cha Raja, ndovu akapagawa, akakimbilia mtoni. Askari walipoona mwavuli wa mfalme unarudi nyuma, nao wakatimua mbio. Raja alishuka matopeni akapigana kwa miguu mpaka akauawa. Sasa nchi ina wenyewe wengine.

Moto ule niliuzima mimi kwa shuka yangu, mapema kabisa. Hilo silisemi.

Jana Jhando alinikuta kwa shemeji yangu, kando ya mto, nikinywa mtindi. Yeye ndiye aliyekuwa akimkatia ndovu yule majani, na ndiye aliyempaka mafuta kichwani asubuhi ya vita. Kijijini kwao wanasema mafuta yake ndiyo yaliyoshika moto. Wamemkataza kisima, na wakwe wa bintiye wamerudisha nazi ya posa, uchumba umevunjika.

"Kaka, wewe ulikuwa shingoni mwake," alisema. "Njoo uwaambie ulichokiona. Neno moja tu."

"Moshi ulikuwa mwingi, Jhando. Sikuona kitu."

"Wewe? Unayeona kupe sikioni mwa ndovu ukiwa ng'ambo ya mto?"

Nilicheka. Naona haya hata kusema kwamba nilicheka.

Jua likafika utosini. Vichakani akatokea ndovu yuleyule, Mwarabu shingoni akimchapa na kumtukana kwa lugha yake, ndovu hana habari. Akapita mbele yetu, akaingia majini palepale chini ya mgunga, akalala ubavu kama mtu aliyefika kwake.

Ndovu wa vita haogeshwi mahali pamoja siku mbili mfululizo. Baba zetu walituachia amri hiyo, na Jhando anaijua kama ninavyoijua mimi. Lakini hapa pana kivuli, na pana mtindi wa shemeji, nami nilimleta kila adhuhuri kwa miaka mitatu. Mazoea yana taabu. Siku ile moto ulikuwa umekwisha kuzimika. Jua lilipofika utosini, aligeuka mwenyewe kuja kuoga.

Jhando alimtazama ndovu kwa muda mrefu, kisha akalitazama bakuli mkononi mwangu. Akaokota mundu wake.

"Maliza mtindi wako, kaka," alisema, akaondoka.

Nami, kwa kukosa pa kuuweka uso wangu, nikaumaliza.