Sanamu ya Nyuma ya Jiko

Nimefundisha shule miaka thelathini na sita, nami sijapata kuvumilia ua mchafu. Majirani husema kuwa kwangu hata nzi hupiga hodi. Kila Jumamosi nafagia, na kisicho na kazi hutoka.

Binti yangu, kitinda mimba, ni msanii wa sanamu, ila hachongi. Huunganisha vyuma kwa moto. Tangu mama yake afariki alikuwa akiunda kitu nyuma ya jiko, kwa cherehani ya marehemu, mikasi yake na mbavu za mwavuli wake. Mara tatu aliniita.

"Baba, njoo utazame."

"Kazi hutazamwa ikiisha," nilimjibu.

Akasafiri siku mbili kutafuta nyaya za shaba za kutengenezea nywele. Jumamosi ikafika, akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Nilitazama nyuma ya jiko, nikaona kutu. Nikampa bure, tena nikamsaidia kupakia.

Binti aliporejea hakupaza sauti.

"Baba, mama yuko wapi?"

Ndipo nilipoelewa. Nilikwenda kwa mnunuzi nikitweta kama mvulana, na utu uzima wangu wote. Vyuma vilikwisha katwa. Lori lilikwisha kuvipeleka kuyeyushwa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Nilianza kukata miguuni. Kichwa nilikiacha mwisho, maana nilimwonea haya. Kainama kushoto vilevile, kama anakata uzi kwa meno. Si ndiye aliyenishonea sare ya shule?"

"Mbona basi hukuniuliza?"

"Ningeulizaje, mzee wangu? Watu hugawa hata nguo za marehemu. Nilidhani huwezi tena kumtazama."

Nilirudi nyumbani. Binti alikuwa ameketi pale palipokuwa na sanamu, nyaya za shaba mapajani. Sikuzoea kumdanganya mtoto, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo hukumjua," alisema.

"Sikumjua."

"Basi haikufanana. Kosa ni langu, baba."

Ningaliweza kunyamaza, naye angalinisamehe. Lakini kweli ni kweli.

"Ilifanana, mwanangu. Mnunuzi wa vyuma alimjua."

Aliziweka nyaya chini, akavaa viatu, akatoka kwenda kumsikiliza yule mtu anamkumbukaje mama yake. Mimi hakuniuliza.