Mashimo Mawili ya Bwana Miwani

Februari ya mwaka 1995, Mideva na mumewe Isaiah walikuwa wakilima kipande cha juu cha shamba lao kule Lugari, kipande ambacho hawakuwahi kukigusa tangu wanunue kwa sababu ya mawe. Ghafla maksai wa kulia akazama mguu mpaka gotini. Walipomvuta kumtoa, udongo ukaporomoka. Chini yake kulikuwa na mbao zilizooza, na chini ya mbao, giza.

"Rudi nyuma, Mama Joash," Isaiah akasema. "Hiki ni choo cha zamani."

Mideva alichuchumaa akachungulia. "Choo gani chenye ngazi za simiti?"

Kufikia jioni nusu ya kijiji ilikuwa imefika. Mmoja alisema ni dhahabu ya mzungu aliyekuwa na shamba zamani, mwingine akasema ni mifupa. Liguru, mzee wa mtaa, alizunguka shimo mara mbili, akashauri lifukiwe. Isaiah alikubaliana naye. Mvua ilikuwa karibu, mahindi yalihitaji nafasi, na shimo la kuvunja ng'ombe mguu halikuwa kitu cha kufuga. Angelifukia Jumatatu.

Mideva alikuwa na mawazo mengine. Kila mwaka mbegu zake za viazi ziliozea jikoni kwa joto. Jumapili baada ya kanisa alibadilisha nguo, akachukua kurunzi, akashuka.

Ngazi zilikuwa kumi na mbili. Chini palikuwa na chumba kikavu, baridi kama kisima, kuta zake zimepakwa chokaa. Alimulika upande wa kushoto: rafu tupu. Alipomulika upande wa kulia, nusura aangushe kurunzi. Mtu alikuwa amesimama ukutani.

Alikuwa mzungu wa kuchorwa, mkubwa kama mtu kamili, kaptura pana, miwani mizito, amezama mpaka magotini katika shimo la mchanga. Alikuwa ameinua fimbo ya chuma, na mchanga ulikuwa ukimrukia kichwani na mdomoni, maana mdomo ulikuwa wazi. Ukingoni alisimama kijana mweusi. Reki yake ilikuwa imeanguka miguuni, naye amefura mashavu, anazuia kicheko lakini kimeshamshinda. Picha yote ilichorwa kwa makaa, udongo mwekundu na ile buluu ya kufulia nguo.

Mideva alicheka peke yake chini ya ardhi.

"Kuna nini huko?" Isaiah aliita kutoka juu.

"Njoo ujionee."

Isaiah alishuka akinung'unika, akatazama, akacheka naye. Kisha akakuna kichwa. "Sasa huyu anapigania nini na mchanga?"

Mtu wa kuwajibu alikuwa mmoja tu. Ng'ambo ya kijito aliishi Mzee Kipkemboi, aliyefanya kazi katika shamba hilo ujanani mwake, enzi za mzungu. Lakini yeye na Isaiah walikuwa hawasalimiani mwaka wa pili sasa. Fahali wa Kipkemboi aliingia katika mahindi, Isaiah akamfunga kutwa nzima juani bila maji, na mzee alipokuja kumchukua alisema maneno mazito kwa Kinandi.

"Mimi siendi kwa yule mzee," Isaiah akasema.

"Nani amekutuma wewe?" Mideva akamjibu, akafunga leso yake.

Kipkemboi alimkaribisha vizuri, akamtilia mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, katika kikombe. Alisikiliza habari za shimo bila kushtuka. Mideva alipofika kwenye miwani na mchanga, mzee aliweka kibuyu chini.

"Bwana Miwani," akasema. "Yuko bankani."

"Banka ni nini, Mzee?"

"Hiyo ndiyo ilikuwanga shida yetu sote." Akavuta kiti karibu. "Wakati wa vita, wazungu waliambiwa Mjapani atakuja na ndege. Bwana Miwani akaogopa sana. Akaletewa mfungwa wa vita kutoka kambini, Mwitaliano, jina lake Pepe, tukaambiwa tuchimbe handaki la kujifichia mabomu. Tulichimba miezi mitatu, mimi na yeye, nikiwa na miaka ishirini. Tukiliita handaki, yeye Bwana alisema banka."

"Na mchanga?"

"Ngoja. Bwana alipenda gofu kuliko chakula. Petroli ikapungua, akashindwa kwenda Eldoret kucheza. Basi akatuambia tumtengenezee kiwanja malishoni. Tukachimba shimo lingine, tukalijaza mchanga wa mto Kipkaren, mikokoteni kumi na saba. Nikamuuliza Pepe, hili nalo ni la kumficha nani? Akaniambia, la kuuficha mpira. Na hilo pia likaitwa banka!"

Mideva alianza kucheka kabla mzee hajafika mwisho.

"Siku moja tukasikia ndege. Bwana akatoka nje na nguo za kulalia, anapiga kelele: Banka! Banka! Wote bankani! Yeye, mke wake na mbwa wakaingia handakini, wakafunga mlango. Sisi vibarua ishirini tukakimbilia ile banka tuliyoijua. Tukalala mchangani, tunaangalia juu. Ndege ilikuwa ya Mwingereza. Rubani akatupungia mkono."

Mzee alipangusa macho. Alisema kwamba vita vilipokwisha, Pepe alimuaga akielekeza kidole kwenye handaki. "Akaniambia, nimekuacha mle ndani. Nilifikiri ni Kiswahili chake kibovu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Bwana akauza shamba, nyasi zikafunika, basi."

"Twende ukajione."

Uso wa mzee ulikunjamana. "Kwa Isaiah? Sikanyagi."

"Kwa Isaiah ni juu, Mzee. Wewe unaenda chini."

Jumatatu asubuhi Kipkemboi alikuja amevaa koti lake la kanisani. Isaiah alikuwa kwenye mdomo wa shimo na toroli la mawe, tayari kufukia, ingawa mke wake alikuwa amekwisha kumwambia asithubutu. Wanaume wawili walitazamana. Mzee alishika ukuta, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, goti likamkatalia.

Isaiah aliacha toroli. "Shika bega langu, Mzee."

Walishuka hivyo, hatua kwa hatua, Mideva mbele na kurunzi. Kipkemboi alisimama mbele ya ukuta. Aliinua mkono kana kwamba atamgusa yule kijana, akaurudisha.

"Nilikuwa na meno yote," akasema.

Halafu akacheka hadi akakohoa, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka. Alipotulia aliongea polepole. "Wazungu walitupiganga picha sana. Kila picha umebeba kitu. Maji, mizigo, bunduki ya mtu. Pepe amenichora mikono mitupu, ninacheka."

Isaiah alitazama miguu yake. "Mzee, yule fahali wako. Nilikosea kumnyima maji."

"Na mimi nilikosea kukuita vile nilivyokuita."

"Uliniita nini hasa? Sijui Kinandi."

"Basi tuache hapo hapo," mzee akasema upesi, na Mideva akaangua kicheko.

Mawe ya toroli yalijenga ukuta kuzunguka mdomo wa handaki, na juu wakaweka mabati. Viazi vya Mideva vilipata rafu za kushoto. Mwalimu wa sanaa wa shule ya msingi, Bi Pascalia, alileta darasa lake la saba, akawaeleza kwamba katika vita vingi askari waliokaa mahandakini walichora kwenye kuta walipochoka kungoja, wengine wake zao, wengine maua. "Huyu alimchora rafiki yake," akasema, na watoto wakageuka wote kumtazama Kipkemboi, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akijifanya hasikii.

Mtu aliyechelewa kufika kuliko wote alikuwa Cherop, mke wa Kipkemboi. Alisema ana kazi. Kisha akasema ana mafua. Alipokuja mwishowe, mume wake alimshika mkono mpaka mbele ya ukuta, akasimama kando ya picha, kidevu juu.

"Miaka arobaini na nane nakuambia nilikuwa kijana mzuri," akasema. "Haya, angalia."

Cherop alisogeza kurunzi karibu, akakagua nywele, shingo, mashavu yaliyofura. Alimtazama mume wake, akairudia picha.

"Masikio ni yako," akasema.

Kisha akageukia rafu za kushoto, akachukua kiazi kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba. "Mama Joash, hivi vinatoa macho mazuri. Unaweza kunigawia debe moja nikapande?"