Shangazi na Kiini Kipya

Shangazi yangu hudarizi majina kwenye makoti ya wauguzi, kwa mashine ambayo kiwanda chake kilishafungwa zamani. Mashine hiyo haielewani na kompyuta bila mkalimani, na mkalimani huyo nilimwandika mimi nikiwa chuoni: moduli, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta. Nilidhani nimeandika nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimejizalia mtoto. Kila kiini kipya kinapotoka, wanaokitengeneza hubadilisha amri zake, na moduli yangu hubaki imeduwaa.

Jumatatu asubuhi alinipigia simu. "Mwanangu, mashine imenuna."

"Shikamoo, Shangazi. Umegusa nini?"

"Marahaba. Sijagusa kitu. Kompyuta iliomba ruhusa ijisasishe. Iliomba kwa adabu, nikaona haya kuikatalia."

Makoti arobaini yalitakiwa kesho yake. Nilimkuta kwenye chumba chake nyuma ya duka la vioo, amekunja mikono, anaitazama mashine kama mkwe aliyechelewesha mahari.

Moduli ilitoa makosa saba. Amri moja ilikuwa imebadilishwa jina. Nyingine, iliyozoea kupokea vitu vitatu, sasa ilitaka viwili.

"Cha tatu kimeenda wapi?" Shangazi akauliza.

"Wameona hakina kazi."

"Na wewe walikuuliza?"

"Hawanijui, Shangazi."

Akaguna.

Nikaongeza masharti: kiini kikiwa cha zamani pita huku, kikiwa kipya pita kule. Masharti ya namna hiyo yalishakuwa mengi, faili zima limebaki viraka vitupu. Saa sita mchana moduli ikakubali kuingia. Sindano ikashuka. Ikatulia. Tukasubiri. Ikapanda.

"Inafikiria," akasema Shangazi.

Hadi herufi ya kwanza inaisha, alishakunywa chai na kuosha kikombe. Nikachunguza: amri ya zamani ya kusubiri ilihesabu kwa mikrosekunde, hii mpya kwa milisekunde, zilizo ndefu mara elfu, nami nimeiachia namba ileile. Nikaigawanya kwa elfu moja, sindano ikachapa kazi, na makoti yakaisha jioni.

"Siku nyingine ikiomba, kataa," nikamwambia.

"Wewe ndiye uliyesema kompyuta isiyosasishwa huingiliwa na wezi. Nishike lipi?"

Nikakiri kuwa ipo njia: moduli ikipokelewa na wenye kiini, ikakaa kwao, basi atakayebadilisha amri atairekebisha mwenyewe.

"Miaka yote hii ungeweza kuwapa wamlee wao?"

"Niliona aibu. Imejaa viraka."

"Vifumue."

Nilivifumua wiki mbili, kisha nikawatumia wenye kiini. Msimamizi wao wa moduli za aina hiyo, mtu nisiyemjua hata sura, alinirudishia kazi mara nne. Mara ya nne ni kwa sababu ya nafasi moja tupu mwishoni mwa mstari. Kisha akauliza kama yupo binadamu anayeitumia bado mashine hiyo.

"Mwambie ninaitumia mimi," Shangazi akasema, "kila siku isipokuwa Jumapili. Na asitupotezee muda."

Niliandika yote ila la mwisho. Moduli ikapokelewa, na chini yake pakawekwa jina kamili la Shangazi, kwamba ndiye aliyeijaribu. Akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Hao watu wana sare?"

"Hawana."

"Waulize wako wangapi, na majina yao."