Wasifu wa Marehemu Gego la Kushoto

Niliota usiku wa jana nimekabidhiwa wasifu wa marehemu niusome mbele ya waombolezaji, na marehemu alikuwa jino.

Jambo hilo halikunishangaza. Mimi ni katibu wa kamati ya mazishi mtaani kwetu, mwaka wa tisa sasa, na nimesoma wasifu wa watu wengi. Nina sauti nzuri ya msibani, wenyewe wanasema. Nina pia kipaji cha kukipita chanzo cha kifo kwa haraka. Mtu aliyekunywa gongo miaka ishirini mimi namwandika "aliugua kwa muda mfupi", na familia hunishika mkono kwa machozi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi kazi yangu ni kumsitiri hata baada ya kuumbuliwa. Kwa hiyo nilivaa koti langu jeusi, nikaiweka miwani sawa, nikasimama.

Tuko ndani ya kinywa. Paa ni jekundu, lina mikunjo. Ardhi ni fizi, laini, na kila ninapohamisha kiatu panatoka damu kidogo. Ndugu wa marehemu wamekuja wote na wamekaa mbele, ila hawakukaa kama watu wanavyokaa. Mmoja kampandia mwenzake begani. Mwingine kageuka ubavu, anatazama shavu. Wa tatu kasukumwa nyuma kabisa, namsikia akipiga chafya tu.

"Naomba tupange mstari," nikasema. "Jeneza linapita."

"Mstari upi, katibu?" akajibu Chonge, aliyekuwa amesimama juu ya mguu wa jirani yake. "Tangu tulipoota tunaishi hivi hivi. Wewe mwenyewe ulisema tumependeza."

Hapo nikamtambua. Chonge yule nimemwona maisha yangu yote, kwanza kinywani mwa mama yangu, sasa kinywani mwa binti yangu.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili na anaitwa Subilaga, jina la mama yangu mzazi. Meno yake ya ukubwani yalitoka kama ya bibi yake, yamesongamana na kupandana, mawili ya mbele yanachungulia nje. Mimi nilifurahi mno. Msiba wa mama ulikuwa bado mbichi, na huyu hapa ameketi tena mezani kwangu, anatabasamu. Daktari wa meno alipopita shuleni akaagiza mtoto apelekwe akanyooshwe meno, nilikataa. Nilimwambia mke wangu, Tusekile, kwamba meno ya ukoo hayanyooshwi. Ukiyanyoosha, bibi yake atamtambuaje? Tusekile akarudi jikoni, nami nikajiona nimeshinda.

Basi nikajiuliza kinywa hiki ni cha mama au cha mtoto. Lakini ratiba ilikuwa inatukimbia. Nikaanza kusoma.

"Marehemu Gego la Kushoto alizaliwa akiwa na afya njema. Enzi za uhai wake alitafuna mahindi, miwa, na nyama ya kila Krismasi. Alikuwa jirani mwema. Aliugua kwa muda mfupi..."

Jeneza likagongwa kutoka ndani.

"Soma vizuri," akasema marehemu.

"Samahani, ndugu?"

"Niliugua miaka saba. Soma chanzo."

Natazama karatasi. Palipo na chanzo nimeweka nukta tatu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mzee mmoja akasimama kutoka safu ya nyuma. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zimemlalia pembeni kwa uchakavu. Alikuwa mswaki.

"Mimi nilibisha hodi asubuhi na jioni," akasema. "Barazani nilifagia, uani nilifagia. Lakini hawa wamejenga ukuta kwa ukuta, kati ya nyumba na nyumba hapapitiki. Nyama ya Jumapili ilikuwa inaozea uchochoroni mpaka Ijumaa. Mimi naisikia harufu tu, mkono haufiki."

"Pole sana, mzee."

"Pole mpe fizi. Ndiye aliyeanza kuliwa."

Ardhi chini yangu ikaitikia, "Amina," ikavuja damu hadi kwenye soksi zangu.

Mlango nao ukalia kwa bawaba kavu. Ulikuwa taya. "Na mimi niandike humo," likasema. "Meno ya juu na ya chini hayakutani, kila tonge nalitafuna upande mmoja. Maumivu yanapanda sikioni, yanafika utosini. Watu wanasema mtoto ana kichwa kibovu, apewe panadoli."

"Mtoto yupi?" nikauliza.

Taya likajifunga. Ikabidi twende makaburini.

Makaburi yalikuwa jikoni kwa mama, Tukuyu. Tulilitua jeneza kando ya kuni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakoroga uji, amevaa ile sweta ya kijivu tuliyomzika nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Wamenituma nisome chanzo."

"Soma basi."

"Sikijui."

"Unakijua." Akaonja uji. "Ulikuwa unaniletea nyama, mimi nakunywa uji. Miaka minne. Hukuniuliza."

"Ulisema hupendi nyama."

"Nani hapendi nyama, Ambakisye?"

Meno yote yakanigeukia, hata lile lililozoea kutazama shavu. Nikajitetea. "Lakini ulikuwa unatabasamu, mama. Kila nikifika mlangoni nakukuta unatabasamu."

Aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

"Nilikuwa sitabasamu, mwanangu. Mdomo ulikuwa haufungi."

Nilitaka kulia, ila nilikuwa kazini. Nikaifuta miwani.

Mama akafungua pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na nyama, kipande kimoja kwa kila safari niliyomtembelea, kimeng'atwa mara moja na kuachwa. Akavipanga mkekani kwa utaratibu, cha Pasaka, cha mavuno, cha Krismasi niliyokuja na Tusekile.

"Nilikuwa naficha," akasema. "Sikutaka uone aibu mbele ya mkeo. Huyu mwenzangu naye anaficha."

"Mwenzako nani?"

Akanyoosha kidole. Chonge alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi, na kando ya kaburi lile alikuwa anapima la pili kwa kamba.

"Hilo ni la nani?" nikasema.

"La ukoo," akajibu. "Si ulisema tusitenganishwe?"

Nikageuza karatasi. Nyuma palikuwa na wasifu mwingine, wino haujakauka. Marehemu Gego la Kushoto, wa kinywa cha Subilaga mdogo, alizaliwa akiwa na afya njema. Alitafuna kidogo. Kisha nukta tatu.

"Soma, katibu," akasema mswaki.

"Soma," ikasema fizi.

Nilifungua kinywa kumwita Tusekile. Sauti haikutoka, na nilipotaka kukifunga, midomo ikakataa kukutana. Nikasimama hivyo mbele ya waombolezaji, mdomo wazi, nao wakaniitikia kwa furaha kwamba leo katibu anatabasamu.

Niliamka kumekucha. Tusekile alikuwa ameshatoka. Nilikaa kitandani kidogo, nikajiambia kuwa ndoto ni ndoto na mtu mzima hapekui mifuko ya mtoto wake. Kisha nikaenda mpaka chumbani kwa Subilaga, ambaye nilimsikia ananawa uso uani, nikatia mkono kwenye mfuko wa sketi yake ya shule.

Palikuwa na karatasi ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na nyama tuliyokula jana, vipande vitatu, kila kimoja kimeng'atwa mara moja na kuachwa. Nilimkumbuka jana mezani akiniambia, "Nimeshiba, baba, nyama ilikuwa tamu." Nilikuwa nimemsifu kwa kumaliza sahani.

Aliingia na taulo begani, akaiona karatasi mkononi mwangu. Alisimama pale mlangoni na lile tabasamu lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Ndivyo ninavyomwita siku zote. "Hebu funga mdomo."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ufunge tu, nione."

Akajaribu. Mdomo wa juu ukashuka kidogo ukakwama kwenye meno, wa chini ukapanda, kidevu kikamkunjamana chote kwa kuvutwa, na machozi yakaanza kumlengalenga kwa kuogopa kwamba ameshindwa jambo dogo aliloagizwa na baba yake. Akajaribu tena.

"Basi, mama," nikamwambia. "Basi, inatosha."