Baada ya Agenda ya Sita

…wala si kwamba hakusikia, amesikia vizuri sana, masikio yake hayana kasoro, karani wa baraza aliisoma agenda ya sita kwa kasi ya mtu anayewahi choo, maombi ya matuta mawili kwenye barabara ya shule, kamati ya ujenzi inapendekeza maombi haya yafungwe kwa kuwa yupo mwananchi anayejitolea kuwavusha watoto na tangu aanze hakuna ajali, wanaoafiki waseme ndiyo, ndiyoooo, wasioafiki, kimya, imepita, twende agenda ya saba, kumtambua mwananchi bora wa mwaka, na yule mwananchi wa agenda ya sita na huyu wa agenda ya saba ni mtu mmoja, ni yeye, fundi cherehani wa pale kona, Mama Bendera, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na gauni jipya alilojishonea kwa ajili ya leo, na kabla hajamaliza kuelewa walichomfanyia akasikia anaitwa, watu wanapiga makofi, na sasa kasimama mbele ya ukumbi mzima, mkono wa kulia umo ndani ya mkono wa meya, wa kushoto umeshika cheti, na mpiga picha anasema subirini kidogo, msiachiane, taa imegoma kuwaka. Haya, tusiachiane. Mkono wa meya laini, wa moto, umelowa jasho kidogo, mkono wa mtu anayeshika kalamu na vikombe, na yeye anafikiria dakika ngapi zimetumika kwenye agenda ya sita, hata moja haikufika, uzi hautungwi sindanoni kwa muda ule, na agenda ya tano, rangi ya viti vya ukumbi huu, bluu au kahawia, walibishana mpaka mmoja akanywa maji glasi mbili, bluu inaonyesha uchafu, kahawia inaleta huzuni, mheshimiwa mwenyekiti naomba kutofautiana na msemaji aliyepita… miaka tisa, barua kumi na moja, na kila ofisi ilimpiga danadana, njoo Jumatatu, aliyeshika faili yupo semina, andika upya kwa sababu meya amebadilika, andika upya kwa sababu fomu imebadilika, na kumbe siku ya kujibiwa jibu ni yeye mwenyewe, yeye ndiye tuta, wamemlaza barabarani kwa kauli moja.

"Mama, sogea kidogo kwa mheshimiwa," anasema mpiga picha, naye anasogea, na hapo hapo anasikia bega jingine linajipenyeza upande wa kushoto, manukato makali, ni diwani wa kata yao, huyu ndiye aliyekuja dukani wiki mbili zilizopita na habari njema, mama tumekuombea tuzo, mji mzima utakujua, akasahau kwamba yeye fundi alimjua tangu anashonewa kaptula za shule, kiuno kinalegea kila muhula mpaka wenzake wakamwita Kaptula, na mpaka leo akimwona kwenye mabango ya uchaguzi anamwona ameshika kiuno kwa mkono mmoja na mkono wa pili umeshika kiazi. "Nipishe kidogo mama, nitokee na mimi," anamnong'oneza, na yeye anampisha, amepisha watu maisha yake yote, alimuuliza siku ile dukani, na matuta je mwanangu, akajibu hayo yapo kwenye mchakato, mama, yatapita siku hiyo hiyo ya tuzo yako, na kweli yamepita, alisema yatapita, hakusema yatapita kwenda wapi. Kilemba cha ukoka hiki, mama yake mzazi angesema, unavikwa kichwani unajiona malkia, na mbuzi wa kwanza akipita anakula. Na kizibao walichomvika juu ya gauni, cha njano, kina mistari inayong'aa na maandishi mgongoni, kinanuka plastiki mpya, kimekatwa vibaya, mabega yanapwaya, nani huyu aliyekata bila kumpima mtu, na kipenga shingoni, wamempa kipenga, ina maana wanamtarajia kesho, kesho kutwa na mwaka ujao, mtu anayeagwa hapewi kipenga.

Hakuomba kazi hii. Alitoka tu dukani asubuhi moja kwa sababu alisikia breki na kelele, mkononi ana kitambaa chekundu cha bitana ya koti, akakuta mtoto kalala kwenye lami mguu umepinda vibaya, na kabla ya kumtazama usoni aliitambua kola, aliishona yeye, jana yake, mama wa mtoto alimharakisha, akaibana kwa mshono mmoja badala ya miwili, akabaki anaukazia macho ule mshono mmoja huku watu wanapiga kelele lete gari, lete maji, kisha akakiinua kile kitambaa juu kusimamisha magari mengine, basi, ndivyo ilivyoanza, kesho yake akatoka tena, na keshokutwa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa tisa mchana, fimbo ya fagio ikaongezwa, kitambaa kikawa bendera, jina lake la kuzaliwa likapotea, hata kwenye cheti hiki nadhani wameandika… wameandika nini? Anainamisha macho. Kuna mpaka wa dhahabu, au njano, kuna kitu cha mviringo ambacho labda ni muhuri, na mistari ya kijivu, yamkini maandishi, yanaogelea. "Mama," anaita mpiga picha, na sauti yake ina kicheko, "samahani, cheti umekigeuza, kichwa kiko chini." Ukumbi unacheka, si kwa ubaya, ni kile kicheko cha watu wenye huruma, na nyuma kuna mwanamke anasema jamani msimcheke, wengine hawakubahatika shule, na Kaptula, huyu Kaptula ambaye yeye alimwandikia namba za vipimo vyake kwenye daftari kuanzia darasa la kwanza, anakichukua cheti, anakigeuza, anamrudishia kwa upole, "Hivi, mama," na uso unamwaka moto. Amesoma. Alisoma barua zote kumi na moja kabla ya kuzitia bahasha, alisahihisha na nukta. Lakini afadhali wafikiri hivyo, alijikuta anasema moyoni, afadhali waseme hajui kusoma, na wazo hilo likamshtua kuliko kicheko chenyewe, afadhali kwa nani?

Kwa sababu mwenye macho haambiwi tazama, na yeye mwezi wa ngapi huu anaambiwa. Anaambiwa na jirani yake fundi viatu, ambaye kila asubuhi anamtungia sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye kipande cha godoro ili zimtoshe kutwa, "Mwenzangu, zamani ulikuwa unanitungia wewe, sasa tumebadilishana zamu," na yeye anamjibu nyamaza wewe, mzee wa gundi, nataka kuokoa muda, na fundi viatu anacheka lakini halafu anamtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. Anaambiwa na gauni hili, pindo la kushoto limepanda, alihisi kwa vidole lakini hakuwahi kuliona. Aliambiwa na daktari, mtoto wa jicho, mama, macho yote mawili, nimekuandikisha upasuaji, foleni ni ndefu, mwakani katikati, je unafanya kazi gani, akasema kushona, akasita, daktari akasubiri kalamu hewani, akarudia, kushona tu. Kushona tu! Na Jumanne… hapana, si sasa, picha kwanza… lakini Jumanne haingoji picha, Jumanne kulikuwa na wingu, barabara ya kijivu, mbingu ya kijivu, watoto saba wamepangana nyuma yake, akatazama kulia, kweupe, kushoto, kweupe, akainua bendera akashuka, na hatua ya tatu akasikia sketi inavutwa kwa nyuma kwa nguvu mpaka vifungo viwili vikakatika, ni yule msichana mrefu wa darasa la saba, "Bibi, lori!" na ukuta wa kijivu ukapita mbele ya pua yake, honi, upepo, bendera ikamrukia usoni, akabaki kipofu ndani ya kitambaa chekundu anahesabu sauti, mmoja, wawili, watano, wako wapi wawili, saba, wako saba, wanacheka, Mungu wangu, walidhani anafanya mchezo. Msichana peke yake hakucheka. Alimtazama, au alimgeuzia uso, maana kwa umbali ule yeye haoni tena macho ya mtu, kisha akamshika mkono, akawavusha wote, na yeye bibi akiwa wa nane katika mstari. Alirudi dukani akakaa kwenye cherehani mpaka saa nne bila kukanyaga pedali, fundi viatu akauliza vipi, akasema uchovu tu.

Na hakusema kwa nani mwingine? Hakumwambia mwalimu mkuu, hakumwambia bintiye anayempigia simu kila Jumapili, mama macho vipi, macho mazima mwanangu, na hakuandika barua ya kumi na mbili, ile ambayo ingekuwa na mstari mmoja tu, sioni, na mstari huo ungezifanya zile kumi na moja kuwa kitu. Anawakasirikia hawa, na wanastahili, wezi wa dakika hawa, wabishani wa rangi za viti, lakini kamati ya ujenzi imeandika hakuna ajali na nani aliyewaficha ajali kama si yeye, nani aliyeizuia isionekane, kila asubuhi anajipaka mafuta usoni anatoka, Shikamoo Bibi Bendera, shikamoo Bibi Bendera, mara arobaini, mara hamsini, marahaba wanangu, marahaba, miaka thelathini alikaa nyuma ya mashine mtu asimjue ila mgongo, halafu kwa kipande cha bitana mji mzima ukawa unamwamkia, ni utamu huo, sema ukweli, ni utamu, hata leo hapa, baada ya agenda ya sita, alipoitwa jina na makofi yakapigwa, kifua chake kilijaa kabla hasira haijafika, na gauni alilishona kwa siku nne. Watoto saba kwa ajili ya shikamoo hamsini. Anajichukia, waziwazi, kwa mara ya kwanza, na cha ajabu chuki hiyo haimwangushi, magoti yanakaza, kichwa kinapoa, kana kwamba mtu aliyekuwa anambana kifua kwa utepe wa kupimia ameuachia.

"Taa imekubali," anasema mpiga picha, "tazameni huku wote," na huku ni wapi, mbele kuna madoa tu ya nyuso na doa moja jeusi zaidi ambalo labda ni kamera, meya ananyoosha shingo, Kaptula anavuta tumbo ndani, na meya anasema bila kufungua meno, kwa sauti ya hao watu waliozoea kupigwa picha, "Tabasamu mama, siku yako hii."

"Mheshimiwa," anasema, na yeye hafungi meno, "kesho sitakuwepo barabarani."

"Pumzika mama, umestahili. Siku moja si neno."

"Si siku moja. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Magari siyaoni. Jumanne niliwaingiza watoto saba mbele ya lori."

Mkono laini unatulia, kisha unaanza kujivuta taratibu, adabu tupu, na yeye anaubana, kwa vidole vilivyosukuma mkasi kwenye vitambaa vya makoti na turubai kwa miaka thelathini, hauendi popote, kikao hakijafungwa, wajumbe wote wamekaa, karani yupo na kalamu yake. "Irudisheni ile agenda ya sita," anasema, sasa kwa sauti ya dukani, ile ya kumwita mteja aliyesahau mzigo, safu ya mbele imesikia, mtu kakohoa, Kaptula ananong'ona mama, mama, tafadhali, baadaye, na taa inapiga, nyeupe, inafuta ukumbi wote, nyuso, viti vya rangi yoyote ile, kila kitu, na ndani ya weupe huo mkono wa meya bado umo mkononi mwake, umepoa.

"Tena moja jamani, msiachiane," anasema mpiga picha akiikagua mashine yake. "Hapa mheshimiwa hakutabasamu."