Mzunguko wa Pili

Kila aliyeanika maharage kwenye kiwanja cha ndege cha Murusagamba aliijua desturi. Ndege hupita chini mara ya kwanza kufukuza mbuzi, huenda kuzunguka mlimani, ndipo irudi kutua. Katikati hapo mtu anakunja turubai lake taratibu, hata umbea anaumaliza. Na tangu wakimbizi waondoke, ndege yenyewe ilikuja mara moja moja tu kwa mwaka.

Kwa hiyo Jumamosi ile, ngurumo iliposikika upande wa Lusahunga, hakuna aliyeinuka.

"Mama Restuta, tulia," Nkeshimana alimwambia Speciosa. Alikuwa amelala chali pembeni ya maharage yake, kofia usoni. "Hiyo inakuja kutuamkia. Ikirudi ndiyo tunaitikia marahaba."

Wanawake wakacheka. Speciosa hakucheka. Tangu abaki mjane alizoea kukitazama kitu mpaka mwisho wake.

Ndege ikatokea juu ya migomba. Ilikuwa ya abiria, kubwa kuliko zote zilizowahi kutua pale, yenye mapangaboi mawili, na moja lilikuwa limesimama. Ilikuja ikiyumba. Ikainama kidogo, naye akaona ubavu wake. Haukuwepo. Nyuma ya bawa bati lilikuwa limebanduka kama ganda la ndizi, na mle ndani, mchana kweupe, watu wameketi. Gauni la njano lilikuwa likipepea nje.

Akaruka wima.

"Yesu wangu! Imepasuka, ina watu!"

"Si itazunguka kwan—"

"Kwa ubavu upi? Nkeshimana, hii haizunguki! Vuta turubai!"

Sasa wote wakainuka, lakini wakainama kuzoa maharage kwa viganja, wakitia kwenye magunia.

"Mwageni!" Speciosa alipiga kelele. "Turubai litanasa kwenye magurudumu! Mwageni, vuteni!"

Akashika pembe ya turubai lake, akainua. Chakula cha nyumba yake mpaka Krismasi kikatiririka kwenye vumbi. Wenzake walipomwona mjane anamwaga, wakamwaga. Akaburuta turubai kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamkwida Nkeshimana aliyekuwa bado anatafuta ndala.

Upepo ukawaangusha wote wawili majanini. Chuma kililia. Vumbi jekundu likafunika kila kitu, maharage yakawapiga migongoni kama mvua ya mawe.

Vumbi likaanza kutua.

Ndege ilikuwa imesimama imelalia bawa, hatua chache kabla ya kichuguu. Watu wakaanza kuruka kutoka ubavuni, mmoja mmoja. Mwanamke wa gauni la njano akaja moja kwa moja kwa Speciosa, kiatu mguu mmoja.

"Hapa ni wapi?"

"Murusagamba, mwanangu. Ngara. Umeshafika chini."

Yule akachuchumaa, akaigusa ardhi. "Rubani alituambia tuna mara moja tu."

Nkeshimana alisikia. Akatazama alama ya gurudumu iliyopita pale alipokuwa amelaza kichwa, kisha akatazama mlimani.

Speciosa alitaka kufanya ishara ya msalaba. Mkono ulikataa. Vidole vilikuwa bado vimeng'ang'ania pembe ya turubai, mpaka mwanamke wa gauni la njano alipovishika, akavikunjua kimoja kimoja.